Tarakimu za intaneti: Mali China, mzigo Kibirizi

Kati ya bidhaa zote ambazo mfanyabiashara wa Kigoma anaweza kuwekea fedha zake, hakuna iliyo nyepesi kubeba kama jina la kikoa la tarakimu. Halihitaji ghala wala gunia, halioozi kama migebuka iliyokosa barafu, na halisubiri boti pale Kibirizi. Ni namba tupu, tano au sita, zinazofuatiwa na nukta na herufi com, na aliyezisajili ndiye mwenye haki ya kuzitumia kama anwani ya tovuti kwa muda wote anaolipa ada ya mwaka. Wepesi huo, pamoja na habari za mamilioni ya dola yaliyolipwa China kwa namba za aina hiyo, ndio unaowafanya wenye akiba ndogo waulize kama hapa nako kuna biashara.

Kwa soko la Kigoma na Ujiji jibu ni kwamba bei ya kununulia ipo, bei ya kuuzia haipo. Pengo hilo ndilo linalokula mitaji.

Suala hili si la mchezo kwa watu wa mwambao wa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mfanyabiashara wa dagaa amezoea kupumzisha fedha kwa siku chache za mbalamwezi, wakati ambapo taa za wavuvi hazina kazi, lakini miezi mitatu ni jambo jingine kabisa. Fedha iliyozoea kuzunguka kila wiki kati ya mwalo na soko ikilazwa muda wote huo, mwenye nayo huanza kusikiliza kila hadithi ya faida ya haraka. Hadithi ya namba za intaneti ni tamu kuliko nyingi, kwa sababu sehemu yake kubwa ni ya kweli.

Ukweli wa kwanza ni uhaba. Namba za tarakimu 2 zinazoishia na com ni 100 tu duniani kote, kuanzia 00 hadi 99. Za tarakimu 3 ni 1,000, za tarakimu 4 ni 10,000, za tano ni 100,000 na za sita ni 1,000,000. Hakuna kiwanda kitakachoongeza nyingine. Wauzaji huanzia hapo, nao hawasemi uongo. Wanachokiruka ni kwamba uhaba peke yake haujapata kutengeneza bei. Tiketi za zamani za treni ya Reli ya Kati kutoka Kigoma nazo ni chache na haziongezeki, lakini hakuna benki iliyozikubali kuwa dhamana ya mkopo.

Bei inatengenezwa na mnunuzi, na mnunuzi wa bidhaa hii yuko China. Zipo sababu za kueleweka. Maneno mengi ya Kichina yanafanana kwa sauti, hivyo tarakimu zikitamkwa huweza kusikika kama maneno. Namba 8 inakaribiana na neno la kutajirika, 9 na neno la kudumu muda mrefu, na 4 inafanana na neno la kifo, ndiyo maana wengi huikimbia. Namba 51 ikisomwa kwa namna fulani husikika kama mtu anayesema anataka kitu, na kampuni ya 51job, inayowatafutia watu ajira, ilijenga jina lake juu ya sauti hiyo na kuorodheshwa katika soko la hisa la Nasdaq la Marekani mwaka 2004. Kampuni ya NetEase ilichukua 163.com kutokana na namba ambayo wateja walikuwa wakipiga ili kuunganishwa na intaneti kwa laini ya simu. Shirika la reli linauza tiketi kupitia 12306.cn, na 12306 ndiyo namba ya simu ya huduma kwa abiria.

Aidha, Mchina wa kawaida anayeandika kwa herufi za kwao huona taabu kukumbuka neno refu lililoandikwa kwa herufi za Kilatini, ila tarakimu anazifahamu tangu shule ya msingi. Kwake yeye namba ni neno, na mara nyingi ni neno jepesi kuliko neno lenyewe.

Mwaka 2015 kampuni ya Qihoo 360 ililipa dola milioni 17 kununua 360.com kutoka kwa Vodafone, kampuni ya Uingereza ambayo kupitia Vodacom ina mkono wake hata katika simu za Kigoma. Habari hiyo ndiyo inayorudiwa zaidi na wanaowashawishi wengine kununua. Lakini mnunuzi yule hakuwa akibahatisha. Alikuwa tayari amejiita 360, bidhaa zake zilikuwa na jina hilo, na mamilioni ya watu walikuwa wakizitumia. Alinunua mlango wa nyumba ambayo alikwisha kuijenga. Kutoka kwenye bei hiyo na kwenda kudhani kwamba 739146 nayo itakuja kupata mlipaji wake ni sawa na kuona kiwanja cha Kariakoo kimeuzwa ghali, kisha mtu akanunua eneo katikati ya ziwa.

Mwaka huo huo wa 2015 hisa za Shanghai zilianguka vibaya katikati ya mwaka, na walanguzi wa China walikuwa wakitafuta mahali pengine pa kuweka fedha. Majina ya tarakimu yakawa moja ya mahali hapo. Watu walinunua namba za tarakimu 5 na 6 kwa mafungu bila nia ya kufungua tovuti yoyote. Zisizokuwa na 0 wala 4 zilipewa daraja la juu, zenye 8 nyingi zikapanda zaidi, na majina yakawa yanauzwa na kuuzwa tena kati ya walanguzi wenyewe. Mwaka 2016 wimbi likarudi nyuma. Waliouza mapema walipata, waliochelewa wakabaki na orodha ndefu ya namba na ankara za ada ya mwaka. Na hayo yalitokea China, kwenye wanunuzi.

Ujiji ina kumbukumbu yake ya mali ya namna hii. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Kawele, Ujiji, akakuta soko linaendeshwa kwa shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko. Soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mikoba iliyojaa sofi, wakizitoa kwa wanaotaka kununua bidhaa na kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa watu hao hao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Walipata faida wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Sofi ilikuwa fedha halali kabisa ndani ya soko lile, na aliyekuwa nayo alikula siku hiyo. Akiibeba kwenda mahali ambapo watu walitaka shanga nyingine, alibeba mapambo. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, alikwisha kueleza jinsi msafara ulivyoweza kuharibikiwa kwa kuja na shanga ambazo wenyeji hawakuzipenda, hata kama kule zilikonunuliwa zilionekana nzuri.

Namba ya intaneti kwa mtu wa Kigoma ni shanga ya soko la mbali. Na wenye mikoba wapo vilevile. Msajili hulipwa jina linaposajiliwa na hulipwa tena kila mwaka. Mwenye mnada huchukua kamisheni jina linapouzwa. Hawa wanapata fedha bei ikipanda na wanapata bei ikishuka. Anayebaki na hatari yote ni yule aliyeshika sofi jioni soko likifungwa.

Ipo hoja moja nzito upande wa pili, nayo haifai kupuuzwa. Mwambao wa Tanganyika ni soko la nchi nne, na tarakimu zinavuka mpaka bila pasi. Kiswahili kinasikika Kalemie, Uvira na Bujumbura, lakini mfanyabiashara wa Kongo mara nyingi hutaja bei kwa Kifaransa, na wa Burundi hali kadhalika, wakati Mtanzania anachanganya Kiswahili na Kiingereza hata anapotaja namba yake mwenyewe ya simu. Katika maandishi, 7 ni 7 kwa wote. Gunia la dagaa linalopakiwa Kigoma huandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la mpokeaji na namba ya simu, na kuli asiyejua kusoma vizuri anaweza kuitambua ile namba. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba tarakimu zinafaa kuwa jina la biashara ziwani, hasemi upuuzi.

Lakini itazamwe namba ile ya kwenye gunia inapata wapi thamani yake. Ni miaka ya kupima bila kuiba, kutuma mzigo siku iliyosemwa, na kupokea simu hata saa nne usiku mnunuzi anapouliza kama boti imeondoka. Namba ilikuwa tupu siku ilipotoka dukani na laini yake. Ilijazwa na kazi. Na hata baada ya kujazwa haiuziki. Laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, na namba zenyewe hutolewa na kampuni ya simu kutoka katika mafungu yaliyogawiwa na TCRA. Mteja anapewa matumizi. Mfanyabiashara akimwachia mwingine namba yake, wateja wa Kasulu na Tabora watapiga mara moja, watasikia sauti ngeni, na baada ya hapo watauliza yule wa zamani yuko wapi.

Namba inayojulikana kuliko zote katika mitaa ya Mwanga pengine ni *150*00#, kwa sababu ndiyo inayofungua M-Pesa, huduma iliyoingia Tanzania mwaka 2008. Kila mtu anaikariri ingawa tarakimu zake hazina mvuto wowote. Hazina maana kwa Kiswahili wala kwa Kiha, na wala hazijirudii kwa mpangilio wa kupendeza. Huduma ndiyo iliyozifanya zikumbukwe. Mjanja anayefikiri atasajili tarakimu za kampuni kubwa na kungoja aitwe mezani, ajue kwamba tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa wa ICANN unaomwezesha mwenye alama ya biashara kudai jina lililosajiliwa kwa nia mbaya, na jina hilo hunyang'anywa bila fidia.

Wapo wanaotoa mfano wa Ghuba, ambako baadhi ya familia za Ujiji zina ndugu hadi leo. Ni kweli kwamba namba ya gari iliyoandikwa 1 tu iliuzwa Abu Dhabi mwaka 2008 kwa dirham milioni 52.2, na mwaka 2023 namba P 7 ikauzwa Dubai kwa dirham milioni 55 katika mnada wa hisani. Namba za kule zina mnada wa wazi, zina matajiri wanaoshindana hadharani, na gari likipita barabarani kila mtu anaiona. Thamani yake ni macho ya watu. Jina la kikoa ambalo halina tovuti nyuma yake halionwi na mtu yeyote.

Hapa nchini namba maalumu ya gari ina bei pia. Ada yake ilipandishwa katika bajeti ya mwaka 2016/17 kutoka sh. milioni 5 hadi sh. milioni 10 kwa kipindi cha miaka 3. Fedha hiyo huenda serikalini na muda ukiisha hulipwa upya. Aliyelipa amenunua fahari ya miaka mitatu, na hakuna ubaya kama anajua hivyo.

Pengine tarakimu pekee ambazo Mtanzania angezipenda kwa moyo ni 255, namba ya nchi inayopigwa na kila aliye ng'ambo anapotafuta nyumbani. Hapo ndipo ubaya wa soko hili unapoonekana wazi zaidi. Jina la tarakimu 3 linaloishia na com ni moja kati ya 1,000, na bei yake inapangwa na wanunuzi wakubwa wa China na Marekani, si na mapenzi ya watu wa Ujiji. Mtanzania akilitaka atalipa bei ya huko. Akitaka kuliuza hapa atapata bei ya hapa. Ni kama kununua mawese kwa bei ya Dar es Salaam na kuyarudisha kuuza Ujiji.

Sasa hesabu. Kampuni ya Verisign inayotunza orodha ya majina ya com ilipandisha bei ya jumla kwa wasajili hadi dola 10.26 kwa jina kwa mwaka, kuanzia Septemba 2024. Mwekezaji wa kawaida hulipa zaidi ya hapo, kwa kuwa msajili naye ana faida yake. Tuseme amepata msajili mwenye huruma asiyeongeza kitu. Akishika majina 100 atalipa dola 1,026 kwa mwaka. Kwa kiwango cha sh. 2,500 kwa dola, hizo ni sh. 2,565,000. Akikaa nayo miaka 10 akingojea bei, ametoa sh. 25,650,000 kabla ya kulipa dalali, bila kuhesabu alichonunulia majina hayo kama yalikuwa na mwenyewe. Mtaji kama huo ukizungushwa kwenye dagaa una hatari zake, mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani, boti ikichelewa, bei ikianguka Dar es Salaam. Lakini dagaa wana mlaji. Bei ikiwa mbaya kabisa mwenye mali anauza kwa hasara na kurudi na kitu mkononi. Majina 100 yasiyo na mnunuzi hayauziki hata kwa hasara.

Hata hisa, ambazo wengi wa Kigoma bado wanaziogopa, zina nafuu katika jambo hili. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa sh. 850 kila moja, mnunuzi wa Ujiji na mnunuzi wa Masaki walilipa bei ile ile, na baada ya kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam likawa linatangaza bei kila siku ya kazi. Mwenye hisa anaweza kununa kwa anachokiona, lakini anakiona. Bei ya jina la tarakimu inayotajwa na muuzaji ni matumaini ya muuzaji.

Wapo watakaosema kwamba haina haja ya kuuza Kigoma, kwa kuwa mnada uko kwenye intaneti na simu inatosha. Hilo linawezekana. Lakini majina ya tarakimu 2, 3 na 4 yalikwisha kusajiliwa zamani, na katika yale marefu zaidi wenye lugha yao walikwisha kupita wakichagua. Wanajua ni mfuatano gani wa namba unaosikika kama baraka na upi unaosikika kama tusi. Mgeni anayeingia leo kutokea Kigoma ananunua kilichobaki kwenye chekeche.

Kuna pia udanganyifu mdogo mdogo usiohitaji China yoyote. Jina la kikoa ni la yule ambaye ameandikwa kwenye usajili. Mtu akimpa dalali fedha amnunulie majina, na dalali akasajili kwa jina lake mwenyewe na kubaki na nywila, mwenye fedha hana mali. Risiti ya karatasi haimsaidii chochote mbele ya msajili aliye nchi nyingine.

Anayetaka kweli kutumia intaneti kwa biashara ya ziwa ana njia ya bei nafuu. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni bahati ambayo Wachina hawana. Jina la duka au la boti, kwa herufi, likiishia na .co.tz, atalikumbuka mteja wa Kigoma mjini na wa Uvira pia, na ada yake ni moja kwa mwaka badala ya mia. Haliuziki tena, au pengine litauzika pamoja na duka siku mwenyewe akizeeka.

Na ile namba ya kwenye gunia nayo inastahili kuangaliwa kabla ya namba yoyote ya com. Wapo wafanyabiashara wa miaka mingi ambao laini inayopokea oda zao na fedha zao ilisajiliwa kwa kidole cha kijana wa dukani, kwa sababu siku ile bosi alikuwa safarini au kitambulisho chake cha NIDA kilikuwa bado hakijatoka. Kijana huyo akihamia Mpanda kesho, kwa mujibu wa usajili laini ni yake. Kuihamisha kwenda kwa jina la mwenye duka ni kazi ya asubuhi moja ofisini kwa kampuni ya simu, kijana akiwa bado yupo na bado wanaelewana.